Mama asilazimishwe kuchagua kati ya dawa na kunyonyesha: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Simiyu

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa, waganga wakuu wa halmashauri zetu sita, waratibu wa afya ya akili, maafisa lishe, na ninyi wauguzi mnaokaa kwenye meza za kliniki ya mama na mtoto kuanzia Nyashimo hadi Mwanhuzi,



Nawaandikia kuhusu akina mama wanaojifungua wakiwa na ugonjwa mkubwa wa akili: skizofrenia, baipola, sonona kali, au ule wazimu unaomwingia mzazi ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua. Nawaandikia kuhusu jambo moja katika maisha yao, nalo ni mtoto ale nini. Ombi langu nalitanguliza ili lisipotee katikati ya maneno mengine. Mama wa namna hii asiambiwe achague kati ya dawa zake na kunyonyesha kabla mtu mwenye ujuzi hajakaa naye akaangalia anatumia dawa gani, nyumbani kwake kuna nani wa kumsaidia, na yeye mwenyewe anataka nini.

Najua mzigo mlio nao. Mkoa wetu umeanzishwa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilitukuta tumefika watu 2,140,497. Zipo zahanati ambazo muuguzi huyo huyo ndiye anayezalisha, anayechanja, anayepima uzito na anayejaza madaftari. Kwake yeye, mama mwenye skizofrenia huja mara moja moja, na jambo la mara moja moja huahirishwa. Lakini si adimu kiasi tunachodhani. Wazimu wa uzazi peke yake humpata mama mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000. Kwa mama ambaye tayari ana baipola, uwezekano wa kupata shambulio kali baada ya kujifungua ni kama mmoja kati ya watano. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili, na wenye familia kubwa kama zetu, huzaa makumi ya maelfu ya watoto kila mwaka, kwa hiyo kila mwaka wapo makumi ya akina mama wa aina hii ndani ya mipaka ya Simiyu. Hapo sijagusa sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, na mara nyingi tatizo hilo ni sonona.

Kila mwaka, tarehe 1 hadi 7 Agosti, tunaadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, na kesho yake ni Nane Nane. Kwetu Bariadi siku hizo zina uzito wake, maana viwanja vya Nyakabindi, vilivyobeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, hukusanya watu kutoka kila upande. Ujumbe wa wiki hiyo tunaujua kwa moyo: mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi huku akila vyakula vingine. Ni ujumbe wa kweli na umezaa matunda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliwakuta watoto 64 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miezi sita wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee, kutoka 59 katika utafiti wa 2015-16. Naunga mkono kila neno la ujumbe huo. Ila mwanamke anayemeza vidonge vya akili anasoma bango linalomwambia anyonyeshe, halafu anaingia chumba cha pili na kuambiwa kwamba dawa zake hazifai kwa anayenyonyesha. Anarudi nyumbani na amri mbili zinazopingana, na hakuna aliyekaa naye kuzipatanisha.

Katika ukoo wetu yupo binti wa mama yangu mdogo aliyepitia hayo. Alikuwa ametulia kwa miaka kadhaa kwa vidonge vya haloperidoli, ameolewa, analima pamba na mumewe, na watu wa mtaani walikuwa wameshasahau kwamba aliwahi kuugua. Alipojifungua aliambiwa katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja kwa kuwa sitafuti kibarua cha mtu kiote nyasi, kwamba dawa hizo na mtoto haviendi pamoja. Akamchagua mtoto, kama mama yeyote angefanya, na akaacha vidonge kimya kimya. Kufikia wiki ya tatu alikuwa halali kabisa. Akaanza kusikia sauti zikimwambia kwamba maziwa yake yametiwa sumu, kisha akakataa kumpa mtoto ziwa. Ndugu wakamchukua mtoto, wakampa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, akaharisha hadi macho yakadidimia. Wote wawili wako hai, na mtoto sasa anakimbia na wenzake. Lakini mama alikaa miezi mingi bila kurudi katika hali yake, na mpaka leo wapo majirani wanaomtazama kama mtu aliyemkataa mwanawe. Alikuwa amefanya kinyume chake kabisa: aliacha dawa kwa sababu ya mwanawe. Na katika mlolongo wote ule hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Muuguzi alitaka kumlinda mtoto, mama alitaka kumlinda mtoto, na bibi alitaka kumlinda mtoto.

Sasa tuzungumze kuhusu dawa zenyewe, kwa sababu hapo ndipo pana giza kubwa.

Karibu kila dawa anayomeza mama huingia kwenye maziwa kwa kiasi fulani. Swali la maana ni kiasi gani. Wataalamu hulinganisha dozi anayoipata mtoto kupitia maziwa na ile ya mama kwa uzito wa miili yao, na kwa kawaida kiasi kisichofika asilimia 10 huhesabiwa kuwa kinavumilika kwa mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati. Olanzapini huwa kama asilimia moja au mbili. Amitriptilini kwa dozi za kawaida, na kabamazepini, zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa ambazo mama anaweza kunyonyesha huku akizitumia. Kuhusu dawa ambazo ndizo zinazopatikana zaidi kwenye vituo vyetu, haloperidoli na klopromazini, mwongozo wa shirika hilo kwa vituo visivyo na madaktari bingwa wa akili, ule unaoitwa mhGAP, unaruhusu mama mwenye ugonjwa wa akili anayenyonyesha apewe vidonge hivyo kwa dozi ndogo na kwa uangalizi. Mwongozo huo huo unasema sindano ya kila mwezi isiwe dawa ya kawaida kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, kwa sababu usalama wake haujajulikana vya kutosha. Huo ni ujuzi ambao unaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani.

Zipo pia dawa ambazo kweli zinahitaji tahadhari kubwa, na sitaki mtu aisome barua hii akadhani kila kitu ni sawa. Klozapini na kunyonyesha haviendi pamoja. Lithiamu huingia kwenye maziwa kwa kiasi kikubwa na kwa viwango vinavyotofautiana kutoka mama mmoja hadi mwingine. Kunyonyesha wakati wa kuitumia kunahitaji vipimo vya damu ya mtoto ambavyo huku kwetu si vya kutegemea. Diazepamu ikitumika siku nyingi hujikusanya katika mwili wa kichanga na kumfanya alegee. Valproeti, ambayo wengi wetu tunaijua kama dawa ya kifafa, huingia kidogo tu kwenye maziwa, lakini isingepaswa hata kidogo kuwa dawa ya kuanzia kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, maana akishika mimba akiwa anaitumia, mtoto kama mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro ya maumbile, na wengine wengi zaidi huchelewa katika kujifunza. Kwa hiyo mazungumzo kuhusu kunyonyesha yanapaswa kuanza kabla ya mimba, au angalau siku ile mama anapofungua kadi ya kliniki, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha dawa taratibu. Kumwachisha mama dawa ghafla baada ya kujifungua, katika wiki ambazo ubongo wake uko katika hatari kuliko wakati mwingine wowote, ni kumsukuma kwenye shimo.

Mtoto anayenyonya kwa mama anayetumia dawa hizi anahitaji macho: je, analala kupita kiasi, ananyonya kwa nguvu, anaongezeka uzito? Hayo ndiyo yale yale mnayoyatazama kila siku ya kliniki. Mizani ipo na kadi ipo. Mtoto aliyezaliwa njiti au mgonjwa awe na uangalizi wa hospitali. Na mama anayepewa dawa za usingizi mzito asilale kitanda kimoja na kichanga. Awepo mtu wa kumpokea mtoto akishashiba.

Wapo watakaosema: kwa nini tujisumbue na yote hayo, si apewe tu maziwa ya kopo? Nawaomba mnaosema hivyo mfanye hesabu. Mtoto anayelishwa maziwa ya unga tangu kuzaliwa hadi miezi sita anahitaji takribani kilo 20, yaani makopo 40 ya gramu 500. Mkulima wa Itilima anayengoja msimu wa pamba apate fedha atayanunua makopo hayo kwa fedha gani mwezi Januari? Halafu yaje maji. Unga wa maziwa si safi kabisa kama watu wanavyodhani. Unaweza kuwa na vijidudu, ndiyo maana unatakiwa kukorogwa kwa maji yaliyochemka ambayo bado hayajapoa chini ya nyuzi joto 70, kisha upozwe na kutumika papo hapo. Fikirini nyumba inayochota maji lambo moja na ng'ombe, yenye kuni za kutosha chungu kimoja cha jioni, na mtoto anayelia saa nane usiku. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zetu tunausubiri kwa hamu, lakini mtoto wa wiki hii hawezi kuusubiri.

Tena sisi ni wafugaji, na maziwa ya ng'ombe yako karibu kuliko kopo. Kwetu maziwa ni chakula cha heshima, kwa hiyo bibi anayempa mjukuu maziwa ya ng'ombe anaona amempa kilicho bora. Lakini kwa mtoto wa chini ya miezi sita maziwa hayo yana protini na chumvi nyingi kuliko figo zake zinavyoweza kubeba, madini ya chuma ni machache, na yanaweza kumfanya avuje damu kidogo kidogo tumboni bila mtu kuona. Yasipochemshwa yanaweza kumletea na ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, ambao mnaujua vizuri. Haya yote bibi hawezi kuyajua asipoambiwa, na hatakuja kliniki kuambiwa kama mama mwenyewe amefungiwa ndani.

Nchi hii imeshapita njia hii, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Miaka ya 2000, mama mwenye virusi vya UKIMWI alikuwa akishauriwa asinyonyeshe ikiwa anaweza kupata maziwa mbadala kwa usalama. Nia ilikuwa njema: virusi hupita kwenye maziwa. Lakini maneno ya mwongozo na maisha ya kijijini vikawa vitu viwili tofauti. Botswana, nchi iliyokuwa na fedha za kugawa maziwa ya kopo bure, ilishuhudia mwaka 2006, baada ya mvua kubwa kuchafua maji, watoto wengi wakifa kwa kuharisha, na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale ambao hawakunyonyeshwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadili mwelekeo: mpeni mama dawa, na mwacheni anyonyeshe. Tanzania ikaanza mwaka 2013 kumwanzishia kila mjamzito na kila mama anayenyonyesha mwenye virusi dawa za maisha yote. Leo muuguzi wa zahanati yoyote ya Meatu anajua kumwambia mama huyo ameze dawa kila siku na amnyonyeshe mtoto. Hamwambii achague. Anaelewa kwamba dawa ya mama ndiyo ulinzi wa mtoto.

Nashindwa kuelewa kwa nini somo hilo, tulilolipia kwa gharama kubwa, halijavuka ukuta kuingia chumba cha afya ya akili. Mama mwenye skizofrenia anayemeza dawa zake, akalala, akatambua kilio cha mwanawe na kukijibu, ni usalama mkubwa kwa mtoto kuliko kopo lolote. Na wengi wao wanatamani sana kunyonyesha. Mwanamke ambaye kwa miaka ameambiwa hawezi hili wala lile, anapoona mtoto ananenepa kwa maziwa ya mwili wake, anapata heshima ambayo hakuna kidonge kinachoweza kumpa.

Lakini upande wa pili nao una haki ya kusemwa, na wapenzi wa kunyonyesha mara nyingi hawausemi. Kuna mama ambaye kunyonyesha kutamwangusha. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayowasha ugonjwa haraka, na kichanga huamka kila baada ya saa mbili au tatu. Kuna ambaye dawa pekee inayomfaa ni lithiamu au klozapini. Kuna ambaye sauti anazozisikia zinamzungumzia mtoto, na kumwekea mtoto kifuani peke yake usiku ni hatari. Kuna ambaye amejaribu na amechoka, basi. Mama huyo asisemwe. Asiambiwe kwamba hampendi mwanawe. Asaidiwe kumlisha mtoto kwa njia nyingine iliyo salama, na makopo yatafutwe na wenye dhamana, kwa sababu idadi ya watoto wa aina hii ni ndogo na halmashauri inaweza kuibeba.

Kati ya kunyonyesha kikamilifu na kuacha kabisa kuna njia nyingi za katikati ambazo hatuzisemi. Mama anaweza kunyonyesha mchana, akakamua maziwa jioni, na usiku bibi au shangazi akamlisha mtoto kwa kikombe kisafi, ili mama apate saa tano au sita za usingizi mfululizo. Maziwa yaliyokamuliwa yafunikwe, yawekwe penye ubaridi, na katika joto la Bariadi yasikae zaidi ya muda wa saa nne. Mama anayelazwa akiwa hajitambui anaweza kukamuliwa maziwa ili yasikauke, akarudi kunyonyesha akishatulia. Hata ndugu mwenye mtoto anayenyonya anaweza kusaidia, akishapima virusi na kuwa salama. Wazee wetu walifanya hivyo pale mzazi alipofariki. Wenzetu wa Kenya walifungua benki ya maziwa ya mama katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Siwaombi benki. Nawaomba tu njia hizi za katikati zitajwe kwa sauti mbele ya familia.

Jambo moja dogo la kitaalamu lisisahaulike. Ikiamuliwa mama aache kunyonyesha, zipo dawa za kukausha maziwa, kama kabagolini na bromokriptini, ambazo hufanya kazi ubongoni kinyume kabisa na dawa za wazimu, na zinaweza kuurudisha ugonjwa. Kwa mama huyu maziwa yapunguzwe taratibu, kwa sidiria inayobana kiasi na dawa ya kawaida ya maumivu.

Sasa familia. Mama mgonjwa wa akili katika vijiji vyetu mara chache huamua peke yake; anaamuliwa na mume, mama mkwe, wajomba, na wakati mwingine mganga wa jadi ambaye ndiye aliyefikiwa kwanza. Wapo wanaoamini kwamba ugonjwa hupita kwenye maziwa na mtoto naye atachanganyikiwa. Haupiti. Urithi wa damu upo kwa baadhi ya magonjwa haya, na huo mtoto huwa nao tangu tumboni, anyonye asinyonye. Kinachompata mtoto anayetengwa na mama bila sababu ni njaa na upweke. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake; kumwondoa mikononi mwa mama liwe jambo la mwisho, na liwe la muda. Nawaomba mwite mume na mama mkwe kliniki. Mkiwaita wanakuja, mmeshaliona hilo katika upimaji wa virusi.

Kuna kifungu cha sheria kinachonisumbua sana. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 199, inasema mwanamke akimuua mtoto wake wa chini ya miezi kumi na miwili huku akili yake imeyumba kwa sababu hajapona athari za kuzaa au za kunyonyesha, hahukumiwi kama muuaji wa kukusudia. Hiyo habari ya kunyonyesha kuvuruga akili ni nadharia ya zamani ya Waingereza ambayo sayansi haiiungi mkono tena. Lakini maana ya kifungu ni nzito: dola ya Tanzania inakubali rasmi kwamba uzazi unaweza kumvuruga mama akili kiasi cha kumdhuru mwanawe. Inakubali mahakamani, mtoto akiwa ameshakufa. Kwenye kliniki, mtoto akiwa hai na mama akiwa ameketi kwenye benchi, hakuna anayeuliza.

Aulizwe. Katika hudhurio la kwanza la mimba, pamoja na shinikizo la damu na wingi wa damu, muuguzi aulize kwa upole na faraghani: umewahi kuugua akili au kutibiwa kwa ajili hiyo? Mama yako au dada yako aliwahi kuchanganyikiwa alipojifungua? Unatumia dawa gani sasa? Majibu yaandikwe kwa namna isiyomwaibisha, mratibu wa afya ya akili ajulishwe, na mpango wa kulisha mtoto ukubaliwe kabla ya mwezi wa tisa, akiwepo ndugu ambaye mama mwenyewe amemchagua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka hivyo hasa: huduma ya akili iingizwe ndani ya huduma ya mama na mtoto, isingojewe siku ya kliniki ya wagonjwa wa akili.

Rufaa nayo inahitaji kutazamwa. Mama akichafuka kabisa, safari ni ya Bugando, Mwanza, kupitia Lamadi na Magu, au ya mbali zaidi hadi Mirembe, Dodoma. Mtoto anabaki Bariadi, na maziwa yanakauka njiani. Uingereza ilianza kuwalaza mama na mtoto pamoja katika Hospitali ya Cassel mwaka 1948. India, nchi yenye vijiji maskini kama vyetu, ilifungua wodi ya namna hiyo katika taasisi ya NIMHANS, Bangalore, mwaka 2009, na huko ndugu hukaa na mgonjwa kusaidia kumtunza mtoto. Sisi ndugu kukaa na mgonjwa ni desturi yetu tangu zamani. Chumba kimoja katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, chenye kitanda cha mama, nafasi ya bibi, na muuguzi anayejua dawa hizi, kingewazuia akina mama wengi wasitenganishwe na watoto wao. Na gari la m-mama, linaloitwa kwa namba 115, ambalo majaribio yake yalifanyika jirani zetu Shinyanga, limchukue mzazi aliyechanganyikiwa kwa uharaka ule ule linaomchukua anayetokwa damu. Wote wawili wanaweza kufa.

Fedha mtaniuliza. Mkataba wa Lishe uliosainiwa mwaka 2022 kati ya Rais Samia Suluhu Hassan na wakuu wa mikoa unaitaka kila halmashauri itenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Watoto ninaowasemea wamo katika hesabu hiyo. Wamehesabiwa lakini hawajafikiwa. Sehemu ndogo ya fedha hizo inaweza kununua makopo kwa wale wachache ambao hawawezi kunyonyeshwa, na kuchapisha ile karatasi moja ya dawa kwa kila zahanati. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ipo kila robo mwaka. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa kumtambua mama asiyelala, anayeongea peke yake, au anayemtazama mwanawe kama kitu cha kigeni. Na Bohari ya Dawa isipoleta haloperidoli kwa wakati, maneno yangu yote haya hayana kazi. Dawa za akili zikikosekana zipigiwe kelele kama zinavyopigiwa kelele chanjo.

Kwa mama unayesoma au kusomewa barua hii: usiache dawa zako leo kwa ajili ya kunyonyesha, na usiache kunyonyesha leo kwa ajili ya dawa. Nenda na vidonge vyako mkononi, nenda na mtu unayemwamini, uliza jina la kila kidonge na kama unaweza kunyonyesha ukikitumia. Ukijibiwa kwa mkato, uliza tena kituo kingine.

Nanyi wakuu, mipango ya afya ya halmashauri zetu huandikwa kila mwaka kabla ya Julai. Naomba katika mpango ujao wa Bariadi Mji, Bariadi Vijijini, Itilima, Maswa, Meatu na Busega uwepo mstari wenye jina la mama huyu, na mbele ya mstari huo iwepo fedha.

Wenu,
Mkazi wa Bariadi